Heshima kwa Koti Linalonuka

Manju wa Usukumani hawajawahi kupungukiwa na vitu vya kusifu. Sikukuu ya ngoma ya Bulabo ikifika pale Bujora, kundi la Bagika upande huu na la Bagalu upande ule, husifiwa ng'ombe, husifiwa jembe, na manju mwenyewe hujisifu mpaka sauti ikauke. Fisi na nyoka nao huletwa uwanjani washangiliwe. Koti la nta, kwa kadiri masikio yangu yalivyofika, halijapata hata ubeti mmoja. Dhuluma hiyo imedumu vya kutosha. Kwa kuwa hakuna manju aliyejitolea, nimejitokeza mimi. Sina ngoma wala nyoka. Nina kalamu na koti lenyewe, ambalo mke wangu ameagiza lining'inie nje ya nyumba wakati naandika.

Mnalijua. Ni lile zito, la kijani kilichochoka au rangi ya tope, linalobaki chini ya fungu la mitumba pale sokoni Mlango Mmoja baada ya watu kumaliza kuchagua. Lina kola ya kodrai, zipu nene ya shaba, bitana ya mirabamiraba, na mfuko wa ndani unaoweza kumeza sato mzima akabaki na nafasi ya kujigeuza. Mteja hulishika, huhisi ule ubaridi na ule unato, hunusa vidole vyake, kisha hulirudisha polepole huku akitazama kama kuna aliyemwona. Muuzaji hakati tamaa. "Hiyo ngozi, baba. Ngozi ya Ulaya hiyo."

Si ngozi. Wala si plastiki. Ni pamba tupu, iliyonyweshwa nta ya moto mpaka ikakinai.

Anayesifu huanza na nasaba, na nasaba ya koti hili si ya kuficha. Mabaharia wa zamani wa Uskoti na Uingereza walipaka matanga yao mafuta, yakiwemo ya samaki na ya mbegu za kitani, ili yasinywe maji. Tanga likichakaa walilikata wakajishonea nguo za mvua. Mafuta ya kitani yalikuwa na visa vyake. Yaligeuka njano, yalikakamaa kwenye baridi, na matambara yaliyolowa mafuta hayo yakiachwa yamefungamana kwenye kona yaliweza kuwaka yenyewe bila kiberiti. Katika karne ya 20 parafini ikachukua nafasi yake. Kabla ya hapo, mwaka 1894, John Barbour alikuwa amefungua duka South Shields, mji wa bandari wa kaskazini-mashariki mwa Uingereza, akiwauzia mavazi ya mvua mabaharia, wavuvi na watu wa gatini. Kwa hiyo kwa asili koti hili ni la watu wa aina ya Mwaloni pale Kirumba: watu wanaonuka samaki na hawaoni haja ya kuomba radhi.

Ni kweli baadaye lilipata makuu. Mwaka 1974 Mwanamfalme Philip aliitunuku kampuni hiyo hati ya kuhudumia kasri, mwaka 1982 Malkia Elizabeth akatoa ya kwake, na mabwana wenye mashamba wakaanza kulivaa wakienda kupiga ndege. Hatulilaumu. Kila ukoo una mmoja aliyehamia Capri Point akasahau Igogo.

Lakini lipo tawi jingine la ukoo ambalo hapa Mwanza linatuhusu zaidi. Mwaka 1936 Barbour walitoa vazi la nta la waendesha pikipiki, na mwaka 1964 mwigizaji Steve McQueen alilivaa Ujerumani Mashariki kwenye mashindano ya siku sita ya pikipiki. Kijana wa bodaboda anayesimama Buzuruga saa kumi na moja alfajiri, zipu imefungwa mpaka kidevuni, hajamuiga mtu. Amepokea urithi wa kazi yake, ingawa umechelewa kidogo na umepitia kwenye belo.

Upande wa kuukeni koti hili huenda ni mwenzetu kabisa. Siwezi kuapa kwamba pamba ya koti langu ilichumwa Magu au Kwimba, ila hakuna anayeweza kuapa kwamba haikuchumwa huko. Mbegu zilizopandwa kanda hii kwa miongo mingi zilitoka kituo cha utafiti cha Ukiriguru. Wakulima waliungana chini ya Paul Bomani, na mwaka 1955 likazaliwa shirikisho la vyama vya ushirika vya Victoria, lililokuja kusifika kuwa kubwa kuliko yote Afrika. Katika miaka ya 1960 tukajenga na kiwanda cha nguo, Mwatex. Hata hivyo sehemu kubwa ya pamba yetu imezoea kuondoka ikiwa marobota, haijasokotwa. Nta ya nyuki ya Unyamwezi nayo husafirishwa nje tangu enzi za Mjerumani. Pamba ikashuka kwa reli kutoka Mwanza, nta ikapandia Tabora, wakaonana ughaibuni, wakaoana huko huko bila kuleta hata barua ya posa, na sasa wanarudi uzeeni tuwatunze.

Na walipotakiwa kuzuiwa mlangoni hawakuzuilika. Machi 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikutana Arusha, wakakubaliana mitumba iondolewe hatua kwa hatua ndani ya miaka michache. Marekani ikakumbusha kwamba soko lake lisilo na ushuru chini ya sheria yake ya AGOA si sadaka. Rwanda ikashikilia msimamo, na mwaka 2018 nguo zake zikafutiwa nafuu hiyo. Wengine tukarudi nyuma kwa adabu. Koti lililoushinda mkutano wa Arusha halistahili kubezwa na mtu aliyekuja sokoni na elfu kumi.

Sasa tuje kwenye mvua, maana ndiyo mahakama ya koti. Mvua ya Mwanza hufuata amri ya ziwa. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, upepo ukavuma kutoka ziwani kuja mjini. Usiku mambo hugeuka: maji yamehifadhi joto lao, pepo za nchi kavu huyakimbilia kutoka kila upande, zinagongana katikati ya ziwa, zinapanda juu, na hapo radi huanza kugomba. Ndiyo maana mvuvi wa dagaa, ambaye kazi yake inataka usiku wa giza, hupigwa na mvua ambayo aliyelala Nyegezi ataisikia kwenye habari tu.

Wapinzani wa koti kwenye mahakama hiyo ni wa kuhurumiwa. Mfuko wa rambo ulikuwa kofia ya taifa mpaka tarehe 1 Juni 2019, serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, na vichwa vingi vikabaki bila mtetezi. Salfeti iliyokunjwa pembe ikawa joho bado inaheshimika kwa wapagazi, lakini mgongo huishia kiunoni. Koti la nailoni la dukani ni jepesi na lina rangi za kupendeza; msumari mmoja wa mtumbwi unalimaliza, cheche moja ya jiko inalitoboa, na ndani yake mtu hulowa kwa jasho lake mwenyewe hata kama mbingu imemsamehe. La nta msumari hulikwaruza likanyamaza. Tone likilidondokea hujikunja duara, likatafakari, kisha likateremka zake.

Hayo yote yanategemea nta kuwa hai, na nta huuawa na usafi. Hapa ndipo koti hili linapoonewa kuliko vazi lolote mjini. Mtu mwema hulinunua, hulifikisha nyumbani, na kabla hajakaa dada wa nyumba, shangazi, au yeye mwenyewe ameshalitumbukiza kwenye beseni la maji ya moto na sabuni ya unga, likalala humo usiku kucha, asubuhi likapigwa brashi. Linatoka laini, jepesi, linanukia maua, na halina faida yoyote duniani. Mvua inayofuata inalikuta ni pamba ya kawaida yenye zipu ya fahari. Linakunywa maji mpaka mabega yanashuka, na mwenye koti anarudi sokoni kumtukana muuzaji.

Dawa ipo, na ni ndefu, na urefu wake ndio sifa yake kuu. Koti la plastiki halikudai lolote. Hulijali, nalo halikujali. Hili linataka siku nzima ya maisha yako kila mwaka, kama mkwe. Kwanza lipime: nyunyiza maji begani. Yakiviringika, liache. Yakiacha doa jeusi linalotanuka, kazi imeanza. Angalia viwiko, mabega mahali mkanda wa begi unaposugua, mikunjo ya mikono, na mishono yote, kwa sababu mvua ni mpelelezi na huanzia kwenye mshono.

Lifute kwa dodoki na maji baridi, bila sabuni, hata wakikucheka. Lianikwe likauke kabisa, kwani nta haikai juu ya unyevu. Nta ya kopo kutoka Uingereza si kitu utakachokikuta kwa Mangi, basi utaitengeneza: nta ya nyuki, mishumaa, na mafuta ya mgando. Nta ya nyuki peke yake hulifanya koti lisimame lenyewe mlangoni likakusubiri. Mshumaa peke yake hupasuka kwenye mikunjo. Mafuta ya mgando ndiyo msuluhishi, ila yakizidi utavaa utelezi. Vipimo ni vya mkono wa mpishi. Kampuni ya Sweden, Fjällräven, huuza kipande kikavu cha parafini na nta ya nyuki. Unakisugua kwenye nguo kisha unapiga pasi, na kwa mtu mvivu hiyo ni njia halali. Mishumaa, nashukuru kusema, haijawahi kuadimika katika nyumba ya Mtanzania aliyezoea umeme wa kukatika.

Usithubutu mafuta ya kupikia. Huchacha, huita mende na panya, na jirani atabisha hodi na sahani.

Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, hivyo maji yanayochemka yanatosha: kopo ndani ya sufuria yenye maji, sufuria juu ya jiko. Anayeweka nta moja kwa moja juu ya mkaa anataka kuonekana na zimamoto. Ikiwaka, funika kwa mfuniko, usimwagie maji, maana maji huirusha. Ikishakuwa nyepesi, chovya tambara la pamba, paka kidogo kidogo ukifuata mishono, na uiache kola, bitana na ndani ya mifuko. Kisha nta inahitaji joto iingie kwenye nyuzi za kitambaa. Waingereza hutumia mashine ya kukaushia nywele. Mwenye saluni wa mtaani kwako atakukopesha ya kwake mara moja tu, kisha habari zitaenea. Lakini sisi tuna mawe. Mawe haya ambayo wageni huyapiga picha na sisi huyapanda kila jioni na ndoo kichwani kwenda nyumbani, ifikapo saa saba mchana yana moto wa kutosha kulainisha nta kwa pande zote mbili. Litandaze, ligeuze, lisugue tena palipofifia. Hakikisha tu hilo jiwe si la mama mwenye dagaa wake, kwa sababu dagaa na nta wakikutana hubadilishana tabia.

Usiku lining'inie peke yake mbali na nguo za kanisani, na asubuhi uone fadhila zake nyingine, ambazo wengine huziita kasoro.

Halikopesheki. Shemeji aliyekopa suti, redio na baiskeli hajawahi kuligusa. Haliibiwi. Kwenye daladala ya Kisesa, ambako watu wanne hukaa kiti cha watatu, utakaa peke yako dirishani, na konda atakuita mzee hata ukiwa na miaka thelathini. Mgahawani utahudumiwa wa kwanza ili uondoke wa kwanza. Vijidudu vya ziwani vikipanda kutoka majini kama moshi, vinanasa mgongoni kwako kwa mamia. Kando ya ziwa hili wapo majirani wanaovikamata kwa makusudi wakavifanya kitafunwa, wewe unavileta nyumbani bila nauli. Na halifuliwi kamwe, jambo ambalo mkazi wa juu ya Mabatini, anayeliona ziwa lote kutoka mlangoni na hana tone bombani, ataliona kuwa ni hekima iliyoshonwa.

Abiria wa bodaboda nao hunufaika kimaadili.

"Kaka, hilo koti umelipaka nini?"

"Nta, dada. Usiegemee."

Naye, mwenye blauzi nyeupe ya ofisini, hukaa wima kama askari kutoka Nyakato mpaka mjini, na mgongo wake hunyooka.

Mwisho wa koti hufika baada ya miaka mingi, kitambaa kinapochanika hata palipokwisha kuwekwa kiraka. Hapo hupelekwa kwa fundi cherehani wa Makoroboi. Zipu ya shaba inahamia kwenye begi la shule, vifungo vinaingia kwenye kopo la vifungo, na kipande kikubwa cha mgongo kinashonwa kuwa kava la kiti cha pikipiki. Mvua haiingii. Suruali ya abiria wa kwanza itakuwa imeshapokea duara mbili za nta kabla ya kufika Mkuyuni, na dereva atakuwa ameshapewa nauli yake.