Jinsi ya Kumshawishi Mungu Akubali Ulichokwisha Kuamua

Anza kwa kuamua. Wengi huharibu hapa: wanapiga magoti bila kujua wanachotaka, halafu wanashangaa wakipewa wasichokipenda. Wewe mchague kwanza huyo mchumba, piga hesabu ya michango, ulizia bei ya ukumbi, ndipo utangaze mfungo wa kuutafuta uso wa Bwana.

Kuhusu ishara, usimwige Gideoni. Yule aliomba ngozi ya kondoo ilowe umande huku ardhi yote ikiwa kavu, na usiku uliofuata akataka kinyume chake. Masharti ya namna hiyo yanaweza kumkosesha mtu harusi. Omba ishara zenye huruma: "Bwana, kama huyu kaka ndiye, basi Jumapili anisalimie." Haidhuru kwamba kaka mwenyewe ndiye mkaribishaji wa mlangoni, na huwasalimia hata watoto wa Shule ya Jumapili.

Andiko nalo lazima uwe nalo. Chukua Yeremia 29:11, ule mstari wa Mungu kuwawazia watu wake mema, uuweke kwenye simu kwa herufi za dhahabu. Mstari wa 10 usiuguse. Huo unataja miaka 70, maana barua yenyewe iliandikiwa watu waliohamishiwa Babeli, na wengi wao walikuwa wa kuzeekea hukohuko. Wewe huna muda huo. Ukumbi umeshatolewa malipo ya awali.

Ukiwa bado na kitabu hichohicho, songa hadi sura ya 42. Huko ndiko waliko walimu wetu. Gedalia, liwali aliyewekwa na Wakaldayo wa Babeli, alikuwa ameuawa, na Yohanani mwana wa Karea na wenzake wakawaogopa Wakaldayo. Wakamwendea nabii Yeremia, wakamsihi awaombee, wakaapa kwamba jibu likiwa jema au baya watalitii. Nimesikia viapo vingi kwenye mikesha, lakini hicho ni cha daraja la juu. Siku 10 zikapita. Jibu likaja: bakini nchini, msiende Misri.

Sasa rudi nyuma, mwisho wa sura ya 41. Kabla hawajamwona nabii, walikuwa wamekwisha kupiga kambi karibu na Bethlehemu, wakiwa njiani kwenda Misri. Mizigo imefungwa, safari imeanza, ndipo wanamuuliza Mungu waende wapi! Na jibu lilipowachoma, hawakusema kwamba wamekataa kutii. Mtu wa ibada hasemi hivyo. Walisema Yeremia ni mwongo, tena amechochewa na Baruku, karani wake. Nasi tushike hapo hapo. Jibu lisilopendeza halitoki juu hata siku moja. Limetoka kwa mama mchungaji, ambaye hakukupenda tangu ulipojiunga na kwaya, au kwa shangazi mwenye wivu. Likemee.

Gethsemane ipite haraka. Ombi la pale lilirudiwa mara tatu, na Mwombaji akamwachia Baba uamuzi, matokeo yake kikombe alichoomba kimwepuke akakinywa.

Kikao cha ukoo kikianza kukubana, sema una amani moyoni. Amani haikatiwi rufaa. Babu anaweza kuuliza kazi ya mchumba, kwao ni wapi, na yule mtoto wa Morogoro ni wa nani. Kila swali lijibu kwa amani hiyohiyo mpaka achoke aombe chai.

Jambo la mwisho ni nabii mwenyewe. Yohanani hakumwacha Yeremia nyuma. Alimchukua pamoja na Baruku, wakaenda nao Misri. Kwa hiyo mchungaji aliyekushauri usubiri usimnunie. Mpelekee kadi ya sendofu, mketishe meza kuu karibu na keki, na kabla ya chakula mkabidhi kipaza sauti abariki. Picha zikishasambaa, nani atauliza alikuambia nini mwezi wa tatu?