Wazungu Nao Wanachimba Rupia

Suffolk, Uingereza

Kwa Bibi, Mjomba, Shangazi na wote mnaosomewa barua hii hapo kibarazani,

Dhumuni la barua hii ni kukanusha. Ile picha mliyoiona kwenye kundi la familia, nimeshika koleo, nimevaa buti za mpira na vipokea sauti masikioni, haina maana kwamba nimefukuzwa kazi, wala sijaajiriwa kuchimba makaburi ya Wazungu kama Shangazi alivyowatangazia majirani. Nilikuwa natafuta hela za kale. Tena nililipa kiingilio.

Najua hapo Mjomba ameshainuka. Kaa kwanza, Mjomba, habari ni ndefu.

Jirani yangu ni mzee mstaafu ambaye kwa muda mrefu maongezi yetu yalikuwa ni mvua tu: imenyesha, itanyesha, inanyesha. Siku alipojua kwetu ni Tabora, akauliza habari za tembo. Nikajiandaa kumweleza kwamba sisi ni watu wa mjini, tembo tunawaona kwenye noti. Kumbe alikuwa anaulizia tembo wa dhahabu: ile sarafu ya rupia 15 ambayo Wajerumani waliipiga hapo hapo Tabora mwaka 1916, baada ya manowari za Mwingereza kuwafungia bahari na fedha kuwakaukia. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, zikapigwa zaidi ya 16,000, na upande mmoja tembo ameinua mkonga. Mzee ana picha yake ukutani, palipostahili kuwa na picha za wajukuu. Nikamwambia nina mjomba ambaye ameitafuta sarafu hiyo tangu mimi sijazaliwa, na kwa ajili yake ameshachimba hadi chini ya choo cha mpangaji. Mzee akanishika mkono. "Huyo ni mtu wetu," akasema, na Jumapili iliyofuata akanipakia kwenye gari.

Tulikwenda kwenye bustani ya jumba la kale. Msidhani ni bustani ya waridi. Ni nyika ya nyasi yenye mialoni mikubwa, kondoo, na ziwa ambalo halikuumbwa na Mungu. Karne ya 18 mabwanyenye wa huku walikuwa wakimlipa mtu aitwaye Lancelot Brown achimbe maziwa, asogeze udongo na kupanga miti, ili mwisho wa yote pale mahali paonekane hapajaguswa na mkono wa mtu. Wengine walihamisha hata vijiji vizima, kwa sababu vibanda vya wakulima vilikuwa vinaharibu mandhari ya dirishani. Na hapo ndipo penye siri ya watafutaji: palipokuwa na kijiji palikuwa na gulio, palipokuwa na gulio palikuwa na mifuko iliyotoboka.

Mtu haingii bustani yoyote tu akaanza kuchimba. Ukiwasha mashine ya kutafutia metali kwenye bustani za kifalme kule London, utakwenda kujieleza kwa polisi. Kwenye magofu yaliyosajiliwa kuwa kumbukumbu ya taifa ni jinai kabisa. Sisi tulikuwa na ruhusa ya mwenyewe, bwana mmoja mwenye sweta lililotoboka viwikoni (huku tajiri wa kurithi hutambulika kwa matundu, mwenye nguo mpya huyo anadaiwa benki). Alikuja, akatusalimia kwa kutaja mvua, akasema mashimo yote yafukiwe, akaondoka na mbwa wake.

Mashine yenyewe ni fimbo yenye sahani chini. Sahani inapeleka nguvu ya sumaku ardhini, metali iliyolala huko inaitika, na mwitiko unakuja masikioni. Chuma kinakoroma. Shaba na fedha vinalia kwa sauti nyembamba. Balaa liko kwenye dhahabu, Mjomba. Dhahabu, hasa pete na sarafu ndogo, inalia sawasawa na kile kishikizo cha kufungulia kopo la soda, na hakuna mashine inayoweza kukuapia ipi ni ipi. Kwa hiyo anayeitaka dhahabu sharti aokote na taka zote zilizoachwa na walevi tangu miaka ya sitini. Hadi saa nne nilikuwa na vishikizo vya kutosha kufungulia kiwanda.

Na ungeona wanavyochimba! Unakata nyasi pande tatu, wa nne unauacha uwe bawaba. Unafunua, unatoa kitu chako, unarudisha udongo, unafunika, unakanyaga. Anayepita nyuma yako hajui kama ulifika. Nikalikumbuka lile shimo lako la kule Isevya, ambamo mbuzi wa jirani alitumbukia na kikao cha mtaa kikaitishwa.

Watu walipata misumari, kiatu cha farasi, vitako vya risasi za kuwindia ndege, na vifungo. Vifungo, ndugu zangu! Mmoja alifukua kifungo cha koti la mtumishi wa jumba, akawaita wenzake. Wanaume wazima, wenye pensheni zao, wakasimama mvuani kukizunguka kifungo kile kimya kimya kama watu wanaoutafuta mwezi wa Ramadhani.

Mchana mashine yangu ikalia. Nikafunua nyasi, nikatoa kipande cha shaba nyeusi, kipana, kizito. Peni ya Mfalme George wa Tatu, mwaka 1797, mojawapo ya zile zilizopigwa Birmingham kwa mitambo ya mvuke ya Matthew Boulton. Walitaka shaba iliyomo ilingane na thamani ya hela, kwa hiyo kila peni ikawa na uzito wa wakia moja nzima, gramu 28. Ukiwa na peni kumi mfukoni suruali inakuaga. Nashuku mwenye hii hakuidondosha; aliichoka. Nilipongezwa sana. Nilipouliza bei yake, jirani akaitazama sura ya mfalme iliyofutika, akasema huenda ingetosha chai. Bila maziwa.

Kwenye hiyo chai mzee mwingine akaniuliza kama kwetu nako tuna mambo ya sarafu. Sikumwacha salama. Nikamwambia masultani wa Kilwa walipiga hela zao za shaba zenye majina yao kwa Kiarabu karne nyingi kabla ya Boulton kuzaliwa, na kwamba mwaka 1944 askari wa Australia aliokota tano mchangani kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi ile. Akaiacha sambusa niliyokuja nayo ikining'inia hewani.

Sasa sikilizeni ajabu ya sheria yao. Ukifukua hazina, kwa mfano sarafu mbili au zaidi za dhahabu au fedha zilizozikwa pamoja miaka 300 iliyopita au zaidi, sheria ya mwaka 1996 inakupa siku 14 kutoa taarifa. Kwa nani? Kwa afisa anayechunguza vifo vya utata. Ndiyo, huyo huyo. Asubuhi anauliza marehemu alikufaje, jioni anauliza pesa zilizikwaje. Makumbusho yakizitaka, kamati inazipangia bei, na kwa kawaida mtafutaji na mwenye ardhi wanagawana. Ukificha, jela. Mwaka 2019 wawili walioficha dhahabu na fedha za zama za Waviking walifungwa miaka mingi.

Aliyetoa taarifa ndiye anayesimuliwa kila chai. Mwaka 1992, kijiji cha Hoxne, humu humu Suffolk, mkulima alipoteza nyundo, akamwomba rafiki yake Eric Lawes amtafutie kwa mashine. Lawes akakuta hazina ya Kirumi, karibu sarafu 15,000 za dhahabu na fedha, na vijiko juu yake. Akaacha kuchimba, akaita wataalamu. Akalipwa pauni milioni 1.75, akagawana na mkulima. Nyundo nayo ilipatikana, iko British Museum pamoja na dhahabu. Tangu hapo jirani yangu ukimwambia umepoteza ufunguo, ameshawasha gari.

Kwa hiyo, Mjomba, ugonjwa ni uleule. Wao wana mashine na fomu, sisi tuna mganga, kuku mweusi na msalaba uliochongwa kwenye mwembe, unaosemekana ni alama ya hazina. Tofauti ni kwamba kwao anayetajirika ni aliyechimba, kwetu ni yule aliyekuuzia ramani.

Nimeambiwa umeagiza nikutumie mashine. Situmi. Sheria yetu ya Mambo ya Kale, ya mwaka 1964, inataka kibali kabla ya kuchimba vitu vya kale, na wewe kibali chako ulipewa na mganga wa Urambo. Fedha nilizotuma leo ni za kufukia lile shimo la Isevya na kumlipa jirani mbuzi wake. Zimeingia kwenye simu ya Bibi, na nambari ya siri anaijua yeye peke yake.

Wasalaam,
Mpwa wenu