Mhadhara wa Diski, Kutoka kwa Anayejua

Mabibi na mabwana, wageni waalikwa, na wewe kijana unayechezea simu kule nyuma: tulieni. Anayezungumza nanyi ni Daktari wa Diski. Shahada nimejitunuku mwenyewe, kwani vyuo vikuu vilichelewa, nami si mtu wa kupanga foleni.

Nimeletewa kilio. Mtu kanunua NAS, kile kisanduku cha kuhifadhia mafaili ya nyumba nzima, akatia diski ya terabaiti 4. Windows inamwambia ana 3.63. Kisha kafuta sinema chungu nzima, na nafasi haijaongezeka hata chembe. Anapiga kelele kwamba kaibiwa. Hakuibiwa. Ujinga hauna mwizi.

Tuanze na hiyo 3.63. Kiwanda huhesabu terabaiti kwa elfu: baiti 1,000,000,000,000. Windows huhesabu kwa 1,024, inapata 1,099,511,627,776, kisha, kwa ujasiri ambao hata mimi nauonea wivu, inaandika jina lile lile, TB. Mwaka 1998 IEC, tume ya kimataifa ya viwango vya umeme, ilikipa kipimo hicho cha pili jina lake, tebibaiti, ili watu waache kugombana. Hawakunishirikisha, na matokeo mnayaona: mtajie muuzaji wa diski neno hilo uone atakavyokutazama. Apple nao mwaka 2009 waliamua kuhesabu kwa elfu, ndiyo maana Mac ya mke huonyesha karibu 4 na Windows ya mume 3.63, diski ni hiyo hiyo. Ndoa ngapi nimezinusuru kwa maelezo haya!

Wengine wamekatwa na Linux iliyomo ndani ya kisanduku. Mfumo wa ext4 kwa kawaida hutenga asilimia 5 kwa ajili ya root, bwana mkubwa wa mashine. Kwenye terabaiti 4 hizo ni gigabaiti 200. Posho ya mkubwa, kwani ni ngeni kwenu? Ikiwa diski imebeba data tu, amri ya tune2fs -m 1 itaishusha hadi asilimia 1.

Sasa sinema zilizofutwa. Hapa shikeni kalamu. NAS nyingi zina pipa la taka kwenye folda iliyofichwa, na ulichofuta kupitia mtandao kimehamia huko, kimestarehe. Umelimwaga na nafasi haijarudi? Tazama snapshoti, yaani picha ya mafaili yalivyokuwa wakati fulani. Kwenye mifumo ya mafaili ya Btrfs au ZFS, snapshoti ya juzi bado imezikumbatia sinema zako, na haitaziachia mpaka nayo ifutwe. Lakini usifute snapshoti zote kwa hasira. Siku utakapofuta video ya harusi ya binti yako kwa bahati mbaya, ndizo zitakazokuokoa.

Bado? Basi kuna programu iliyoling'ang'ania faili. Katika Linux, faili lililofutwa halitoki diskini mpaka programu zote zilizolifungua zilifunge. Ndipo amri ya df inasema diski imejaa, na ya du inasema kilichotumika ni kidogo. Zote mbili ni za kweli: df inauliza mfumo wa mafaili, du inajumlisha majina inayoyaona kwenye folda. Jina limekufa, maiti haijazikwa. Amri ya lsof +L1 itakutajia mshukiwa. Mafundi wa mtaani huzima na kuwasha kisanduku, kinapona, nao hawajui kwa nini. Mimi pia huzima na kuwasha, ila kwa elimu.

Na yule aliyechomeka diski ya USB akaambiwa ana gigabaiti 2: diski yako haijaunganishwa na folda yake, na unajaza hifadhi ndogo ya mashine yenyewe. Hilo ni la darasa la kwanza, sitalirudia.

Maswali sipokei. Mwenye shida aje mezani na bahasha, na afahamu kwamba kwangu elfu moja ni shilingi 1,024.