Sifa za Nukta Iliyomezwa

Wenye sauti nzuri na wasifu bibi harusi na karafuu. Sifa zangu leo nazipeleka kiwandani, kwa nukta ya desimali ambayo moduli ya kudhibiti joto huimeza kabla ya kutoa namba. Maziwa yakifika nyuzi 72.5 za Selsiasi kwenye mtambo wa kuua vijidudu, moduli haitamki 72.5. Inatamka 725, kisha inanyamaza. Ajuaye atagawa kwa kumi. Asiyejua ataamini kwamba maziwa yake yana joto la kuyeyusha aluminiamu, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 660.

Sifa ya kwanza ya nukta hii ni kubana matumizi. Rejesta moja ya Modbus, lugha ya mitambo iliyotolewa na kampuni ya Modicon mwaka 1979, ina biti 16 tu: inabeba namba kamili kuanzia 0 hadi 65535, wala haina kiti cha nukta. Kuipa nukta kiti chake mara nyingi hudai rejesta mbili, halafu mitambo ianze kubishana ipi itangulie. Nukta, kwa uungwana wake, ikajitoa.

Ya pili ni kueneza elimu. Moduli hii hutuma sehemu za kumi, ile sehemu za mia. Kadi ya analogi ya Siemens inayopokea miliampea 4 hadi 20 hutoa 0 hadi 27648, fundi akatafute mwenyewe nyuzi zimejificha wapi humo. Nani mwingine angemfanya fundi afungue kitabu cha maelekezo saa nane za usiku, tena akisome mpaka kurasa za nyuma?

Ya tatu ni kulinda ajira. Mgeni anataka tangi lifike nyuzi 80, anaandika 80. Moduli inasoma 8.0, inaona maji tayari yana 25, inazima hita na kutulia. Basi hita inafunguliwa, waya unapimwa, fyuzi inabadilishwa, kihisi kinasingiziwa. Kila mtu kapata kazi ya kutwa, na hita ya watu haina hatia.

Lakini ukuu wake hasa uko kwenye baridi. Chumba cha samaki na kishuke hadi nyuzi -0.1. Moduli inatuma -1. Kompyuta ambayo haikuambiwa kwamba kuna namba hasi inaisoma 65535, inagawa kwa kumi kwa utiifu wote, na skrini inatangaza 6553.5. Uso wa Jua wenyewe una nyuzi kama 5,500! Kengele inalia, msimamizi anakimbia, anafungua mlango: vibua wamejilalia juu ya barafu yao. Ni mfalme gani aliyewahi kulishinda Jua kwa joto, asimuivishe hata kibua mmoja?

Wapo wanoko wanaotaka kila namba itoke na nukta yake na kipimo chake. Nawakumbusha Anders Celsius, aliyeweka 0 kwenye maji yanayochemka na 100 kwenye yanayoganda mwaka 1742, mpaka wengine wakaja kuipindua skeli yake baadaye. Joto limehesabiwa kwa mapatano tangu zamani. Asiyekuwepo kwenye mapatano, namba kwake ni uvumi.

Kwa hiyo nashauri nukta hii ijengewe mnara wa mita 15 mbele ya kiwanda. Kwenye bango tuandike urefu wake: 150. Wapitao wakistaajabu, waacheni wapite. Atakayesimama kuuliza "150 ya nini?" aajiriwe siku hiyohiyo.