Sifa za Mgeni Rasmi

Wanaodai viongozi wetu hawana nidhamu ya kila siku wanawaonea. Semina ya uongozi ikipangwa saa tatu, mgeni rasmi huingia saa sita. Hajawahi kukosea akafika saa tano. Huo ndio uthabiti wenyewe. Hebu walinganishe na Wamatengo wa Mbuji na Mbinga nzima, ambao kwa zaidi ya miaka 100 wamelima ngoro kwenye miteremko mikali: wanafyeka majani, wanayalaza kwa miraba, wanayafukia kwa udongo, na katikati yanabaki mashimo yanayozuia maji ya mvua kuondoka na shamba. Kazi safi, lakini posho iko wapi? Cheti je? Hata bango la kupigia picha hawana.

Atatokea mbishi aseme kwamba udongo wao bado uko mlimani. Ni kweli, ila udongo hauandiki ripoti. Tena mkulima akichelewa, mvua haimsubiri; mgeni rasmi husubiriwa na ukumbi mzima, pamoja na chai. Nani kiongozi hapo? Semina ijayo inahusu matumizi bora ya muda. Washiriki mnaombwa kufika mapema.