Moshi ni wa Kartiye Nzima

Methali inasema palipo na moshi hapakosi moto. Aliyeitunga hakuishi chini ya Nyiragongo. Hapa Goma palipo na moshi hapakosi mkutano. Mlima umekwisha kutukimbiza mara tatu ndani ya umri wa mtu mmoja: Januari 1977, Januari 2002, halafu tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, masufuria yakiwa bado jikoni. Mtoto wa hapa anajua kusoma moshi kabla hajajua kusoma herufi. Anga la usiku likiwa jekundu kidogo upande wa kaskazini, anageukia ukutani na kulala. Likiwa jekundu kupita kawaida, anatafuta viatu. Kwa hiyo mkazi wa kartiye yetu ya Keshero anayeamua kutengeneza moshi wake binafsi, usiku, kwa faida ya tumbo lake, ajue anagusa mali ya watu wote.

Mimi nilitaka fromaji tu. Fromaji ya Masisi huteremka milimani, hupita Sake, na kabla haijafika katikati ya mji hupita kwenye barabara yetu; kuiacha ipite hivihivi ni kukosa adabu. Tatizo ni kuitunza. Frigo yetu ilifariki siku umeme ulipoondoka kimya ukarudi na hasira. Fundi aliitegea sikio mgongoni, akaitikisa kidogo, akatoa hukumu: “Hii ilishaenda, papa. Uwekee manguo.”

Haikupita muda, shemeji yangu aliye Brussels akanitumia video. Mzungu mmoja mwenye kofia ya sufu alikuwa na frigo mfu kama yangu, ila yake ilikuwa na kazi. Alikuwa ameitoboa ubavuni, akachomeka tiyo ndefu, na mwisho wa tiyo ile kulikuwa na kopo la unga wa mbao unaoungua polepole bila kutoa ndimi za moto. Moshi unatembea ndani ya tiyo, unapoa njiani, unaingia kwenye frigo ukiwa na joto la chini ya digrii 30. Haupiki kitu, unakipaka harufu na rangi tu. Hivyo ndivyo Wanorwe na Waskoti wanavyofanya samaki wao wa salmoni, na hivyo ndivyo fromaji inavyopata ngozi ya kahawia na ladha ya kukufanya ufumbe macho. Nikaitazama frigo yangu iliyojaa manguo. Nikaona kwamba hata baada ya kufa mtu anaweza kupandishwa cheo.

Yule Mzungu alisema: chimba mfereji wa mita 3, zika tiyo, udongo utaupoza moshi. Akachukua koleo, akachimba, na kabla sijakohoa alikuwa amemaliza. Laiti angekuja Keshero. Hapa udongo ni wa kupaka tu. Chini yake ni lava, jiwe jeusi ambalo lilishuka likiwa uji na sasa linakataa hata kuongea na jembe. Shimo la choo mjini huku huchimbwa kwa nyundo na baramini, cheche zikiruka, na anayelichimba hulipwa vizuri kwa sababu anastahili. Nikamwita kijana wa kazi hiyo. Akatazama mstari niliouchora chini, mrefu na mwembamba.

“Papa, ni choo ao ni kaburi?”

“Ni ya moshi.”

Bei ikapanda palepale. Kazi isiyoeleweka inalipiwa zaidi.

Tukaachana kwa amani, nikalaza tiyo juu ya ardhi na kuifunika kwa mawe, ambayo kwetu ni bure. Tiyo yenyewe ilikuwa ile ya mabati iliyokuwa ikiteremsha maji ya mvua kutoka paani hadi kwenye pipa. Ilikwisha kuliwa na kutu, maana mvua inayopita kwenye pumzi ya volkano hushuka na tindikali, na mabati ya Goma huzeeka kabla ya wenye nyumba. Nilihesabu kwamba ni kiangazi. Mvua nayo ilihesabu kivyake. Ilinyesha usiku, ikaitafuta njia yake ya siku zote, ikaikosa, ikamwagika yote mbele ya mlango wa jikoni. Asubuhi pipa lilikuwa kavu na kizingiti kilikuwa ziwa. Mama watoto alisimama katikati na bido tupu mkononi. Hakupaza sauti.

“Papa, maji ya kunawa iko ndani ya frigo?”

Mawe nayo yalikuwa na tabia yake. Jiwe jeusi hunywa jua mchana kutwa, na ilipofika saa nane tiyo yangu ya kupozea ilikuwa tanuri. Nilipofungua frigo, kipande cha kwanza cha fromaji kilikuwa kimelegea juu ya waya, kinatoa jasho la mafuta, upande mmoja umekwisha kuanza safari kuelekea chini. Fromaji ikipita digrii 30 hivi huacha msimamo wake. Usiku, kwa upande mwingine, Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na upepo wa ziwa hautanii. Mawe hupoa mpaka ukiyagusa unarudisha mkono. Basi naomba hili liandikwe wazi: usiku haukuchaguliwa na mimi. Ulichaguliwa na mawe.

Likabaki suala la unga wa mbao. Seremala mmoja anayetengeneza tshukudu alinijazia mfuko bila kunidai. Tshukudu ni baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali, inayobeba makala, viazi na nusu ya uchumi wa mji huu, na imejengewa sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko wa barabara. Aghalabu hutengenezwa kwa mti wa eucalyptus kwa sababu ni mgumu. Mti huo pia una mafuta yanayotumika kwenye dawa za kifua. Fromaji iliyolala kwenye moshi wake ilitoka na rangi nzuri sana, na ukiimeza pua zinafunguka mpaka kisogoni. Nyumba nzima waliirudisha sahani. Mtoto mwenye mafua peke yake ndiye aliyeomba kuongezwa.

Jirani mwema akanipa mbao za kibanda alichokuwa anakibomoa. Nilinusa kwanza. Mbao za nyumba zetu hupakwa mafuta ya vidange, yale meusi yanayotolewa kwenye injini, ili mchwa wasizile. Na kitu kilichomshinda mchwa sikuona sababu ya kumpa mama mkwe. Mwishowe niliangukia mti wa avoka uliokauka kwenye kiwanja cha rafiki. Ukakatwa, ukapigwa msumeno, unga ukaanikwa vizuri, kwa sababu unga wenye unyevu hutoa moshi mzito wenye uchungu. Nikaujaza ndani ya kopo la maziwa ya unga lililotobolewa chini, nikachukua kaa moja la mbabula, nikaliweka chini ya kopo. Uzi mwembamba wa buluu ukapanda, wenye harufu tamu. Hapo nilijua nina kipaji.

Mama mkwe alikuwa ametutembelea. Yeye amekulia Vitshumbi, kando ya Ziwa Edouard, ambako wanawake wanakausha samaki kwa moshi wa moto tangu hajazaliwa, moto halisi chini na samaki juu. Kwa heshima yake nilishuka soko la Kituku nikaleta sambaza. Sambaza ni mgeni aliyepewa uraia: aliletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwaka 1959, na leo ukimwambia mtu wa Goma kwamba samaki huyu si wa hapa, mtagombana. Lakini sambaza ni mdogo kama kidole, na waya za frigo zilifanywa kwa chupa. Wakapita wote, mmoja mmoja, wakajipanga chini ya frigo. Nikaleta kipande cha chandarua nitandike. Mama watoto akakinyakua: kile chandarua kina dawa ya mbu.

Mama mkwe hamkosoi mkwe ana kwa ana; hiyo ni aibu. Alimwita mjukuu wake aliyekuwa amesimama kati yetu.

“Mwambie baba yako, samaki inaivaka ku moto. Ku baridi haiivake. Inaozaka.”

Mtoto akanigeukia: “Baba, bibi anasema...”

“Nimesikia.”

Na kusema kweli elimu yote ya moshi baridi imo katika sentensi ile. Moto wa Vitshumbi unapika na kuua vijidudu. Moshi wangu wa digrii 25 unavipa joto zuri la kustarehe. Ndiyo maana wenzetu wa ng'ambo huzika samaki kwenye chumvi kwanza, wakimkamua maji, na bado humweka kwenye baridi kali baadaye. Mwenye frigo mfu hana baridi kali. Sambaza wakaenda kwenye mafuta ya moto, wakaliwa na pilipili, na frigo ikabaki ya fromaji.

Sasa tuje kwenye usiku wenyewe. Kiwanja chetu kinateremka kuelekea ziwani. Mbabula ilikuwa juu karibu na jiko, frigo ilikuwa chini karibu na ukuta wa mawe, kwa kuwa huko ndiko mama watoto aliruhusu. Moshi wa moto hupanda kwa sababu ni mwepesi. Ukiisha kupozwa hauna tena hamu ya kupanda, unatafuta bonde. Moshi wangu uliingia kwenye frigo, ukaisalimia fromaji, ukatokea chini ya mlango ambako kauchu imekatika, ukatambaa chini chini, ukapenya kwenye nyufa za ukuta na kuingia kwa majirani ukiwa umefika magotini.

Mtu wa mji mwingine angesema, kuna anayechoma takataka. Lakini upande wetu wa magharibi, toka Keshero hadi Bulengo, kuna mazuku: hewa ya kaboni inayotoka ardhini, nzito kama mara 1.5 ya hewa ya kawaida, inayojikusanya mabondeni usiku usio na upepo. Mbuzi huingia hapo na hatoki. Kila mzazi amemfundisha mwanawe: kitu kinachotambaa chini, kimbia kwenda juu. Basi nikasikia mlango mmoja, kisha mingine, kisha kuku kubebwa, na sauti ya baba mmoja ikiuliza swali la kihistoria la mji huu:

“Tukimbie ao tubakie?”

Watu wakapanda hadi barabarani na magodoro. Kuna aliyeshika picha ya harusi. Kijana mmoja alikuwa anatafuta kwenye simu tangazo la OVG, kituo kinachochunguza volkano, akashangaa kuona mlima umelala. Nyumbakumi alifika amevaa koti juu ya pajama, mwenye tochi. Nikaanza kueleza habari za Norwe. Kabla sijafika kwenye salmoni, bibi mmoja mzee wa jirani, aliyekuwa bado amekaa kwenye kiti chake mlangoni, akakata shauri.

“Mazuku haionekanaka na macho. Hii munaiona. Basi haiko mazuku. Iko upumbafu ya mutu.”

Sayansi yake haikuwa na kasoro, na umma ukatulia. Tochi ikafuata mkia wa moshi hadi kwenye frigo. Nyumbakumi akaniamuru nifungue. Ndani, juu ya waya, fromaji ilikuwa imekaa na ngozi ya asali, kavu, imara, inanukia. Kukawa kimya kidogo. Akauliza, kwa sauti ya kazi, kama kitu hicho kina madhara. Nikamkatia ajihakikishie. Akahakikisha. Akasema ushahidi mmoja hautoshi, bibi naye aonje. Bibi akaonja, akasema chumvi ni kidogo, akanyoosha mkono tena. Baada ya hapo kila aliyekuwa amekimbia alidai fidia ya mbio zake, na mwenye picha ya harusi alidai ya watu wawili.

Siku hizi mtambo umegeuzwa: mbabula iko chini ukutani, frigo imepanda juu ya jukwaa la mawe, na kichwani ina bomba fupi la kuvuta moshi kwenda juu. Unafanya kazi vizuri, moshi hautambai tena kwa mtu. Pipa la mvua nalo limerudishiwa tiyo yake. Ya moshi nilinunua. Lakini kartiye ilikwisha kupitisha sheria. Kabla ya kuwasha, napita nyumba kwa nyumba: leo usiku mutaona moshi, ni wa kwangu, mulale. Wanashukuru sana. Wanauliza utakuwa tayari saa ngapi. Asubuhi wanakuja kuhakikisha kwamba ulikuwa ule wa fromaji kweli, kila mmoja na kisu chake, na nyumbakumi na taarifa yake ya kujaza.

Kwa hiyo anayetaka kujenga mtambo wa kwake asihangaike na vipimo vya tiyo wala aina ya mti. Anunue fromaji mbili: moja ya kutia moshi, nyingine ya kueleza.