Mwongozo kwa Mpiga Picha Asiye na Bima

Umenunua kamera. Hongera, na pole pia, kwa sababu habari zimeshafika kwenye ukoo, na kamati ya harusi ya binamu yako imekupangia kazi kwa ujira wa sahani ya pilau. Mambo ya mwanga na kulenga utayazoea. Kinachoua ni kumwambia mtu aliyekuzidi umri, mbele ya wajukuu zake, kwamba kwa jinsi alivyokaa hana shingo.

Shika hili kabla hujafungua mfuko wa kamera: mwili wa mteja hauna kasoro. Kasoro zote ni za taa. Taa ikiwa nzuri, basi ni za kiti, na kiti kikiwa kizima, ni za upepo. Hata ukumbini, madirisha yakiwa yamefungwa, upepo upo.

Halafu uamkie. Asiyetoa shikamoo hana haki ya kumgeuza mtu bega. Na hata ukishaitikiwa marahaba, mikono yako ibaki kwenye kamera. Simama wewe mwenyewe mkao unaoutaka, naye atakuiga. Utashinda mchana kutwa umebinua nyonga na kulaza kichwa mbele za watu, wengine wakikurekodi kwa simu. Hiyo imo ndani ya pilau.

Tuje kwenye kidevu cha pili. Dawa yake inajulikana: uso usogezwe mbele kidogo, kidevu kiteremke kiasi, ngozi ya chini ya taya ivutike. Ubaya ni kwamba ukisema “shusha kidevu,” mtu hukizika kifuani, na hapo umemzawadia cha tatu. Ukisema “nyoosha shingo,” anatazama dari, nawe unabaki na picha ya matundu ya pua. Sema hivi: “Shangazi, hebu sikiliza yule pale nyuma yangu anasema nini.” Shangazi hajawahi kukataa kusikiliza anachosema yule pale. Uso unakuja mbele wenyewe, macho yanachangamka, taya inajichora. Piga upesi, kabla hajauliza ni nani na anamsema nani.

Kitambi kinataka busara zaidi, maana si kila mwenye nacho anataka kifichwe. Wengine wamekigharamia. Usiulize, tazama mikono. Mjomba akifunga kifungo cha koti, anaomba sitara. Akiliachia koti na kuchomeka vidole gumba kwenye mkanda, anataka ukoo ujue mambo yamenyooka, na wewe ukijifanya kukificha umemtukana. Kwa yule wa kifungo, mabega yageuke kidogo yasitazamane na kamera moja kwa moja, uzito uende mguu wa nyuma, na mkono uachane na mbavu ili mwanga upite kati ya kiwiko na kiuno. Maneno ya kutumia: “Mjomba, geukia kwa bibi harusi kidogo, upande wa pili wasiseme hukumjali.” Atageuka kuliko ulivyotaka.

Mikono isiyo na kazi huharibu picha haraka kuliko tumbo. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, aliwawekea wateja saa, redio, suti, hata pikipiki ya Vespa, na mtu aliyeingia akiwa hajui aweke wapi vidole alitoka akiwa na miliki. Vibanda vya picha vya karibu na kivuko cha Likoni, Mombasa, vilikuwa na mapazia yenye meli na ndege za kuchorwa, na mtu mwenye safari nyuma yake hasimami kinyonge. Wewe huna Vespa. Mpe pochi, mpe upepeo, au mpakatishe mjukuu, ambaye hufunika kila kitu kuanzia kifuani hadi magotini. Ila mjukuu naye ana msimamo wake kuhusu picha, na hajifichi kuutoa.

Umbali. Pua ya mtu haijakua, wewe ndiye umesogea mno. Kilicho karibu na lenzi huonekana kikubwa, na usoni kilicho karibu ni pua. Rudi nyuma hatua mbili tatu, tumia lenzi ndefu, ya milimita 85 hivi. Kamera ikiwa juu ya usawa wa macho kidogo tu, mwili unapungua chini. Usipande kiti ukamtazama mzee wa watu kutoka darini. Akikuuliza mbona umeinua kamera, sema unakwepa feni. Mheshimiwa ni kinyume chake: mpige kutoka chini. Hatakueleza sababu, na huna haja ya kuulizia.

Usije ukamwambia bibi harusi kwamba “ametoka mweusi.” Kipimamwanga cha kamera hudhani dunia nzima ni ya kijivu. Kikikutana na shela jeupe lililoijaza fremu, hubana mwanga mpaka shela liwe kijivu, na uso unazama. Pima mwanga wa uso, si wa shela, na ukiulizwa kwa nini unarudia, sema kamera imeduwaa. Ni kweli, na haimgusi mtu. Jua la saa sita nalo huchimba mashimo machoni, kwa hiyo waingize watu barazani, kwa kisingizio cha kuwaonea huruma.

Picha ya pamoja ina siasa zake. Lenzi pana humtanua aliye pembeni, hivyo kwa sheria za lenzi watu wanene wakae katikati. Kwa sheria za harusi, katikati pana wenyewe. Wasukume vijana wembamba pembeni, umwambie bi mkubwa, “Mama, wewe ukikaa pembeni picha inalala upande.” Babu aliyenuna mwache anune. Alizoea picha za kitambulisho, na huko hakuna aliyewahi kuambiwa atabasamu. Wenye kupepesa wafumbe macho wote, wafumbue ukifika tatu.

Na usionyeshe kioo cha kamera, hata ukiapishwa. Atakivuta kikubwa kwa vidole viwili, atakagua, atarudisha, atakuita kando. Wewe umehangaika na kidevu, umekisitiri, umekiwekea kivuli cha haki, moyo unakudunda. Naye anataka kujua kwa nini umekata miguu, wakati viatu ni vipya na vimetoka Dubai.